Kuomba Pesa za Masomo ya Digrii ya Pili

(Maneno haya yalisemwa kwa niaba ya Kamati ya Elimu mbele ya wanachama wa tawi. Wengi walikuwa kazini siku ile, na kwa hiyo tumeyapiga chapa ili kila mtu ayasome kwa wakati wake.)



Kamati yetu ya Elimu ina watu sita, na katika sita hao hakuna hata mmoja mwenye digrii ya kwanza, sembuse ya pili. Wengi wetu tulisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, kisha tukashika kazi ya reli. Basi mtu anaweza kuuliza, watu hawa wanajua nini juu ya digrii ya pili hata watusimamie hapa kutufundisha? Jibu letu ni kwamba digrii hatuijui, lakini fomu zake twazijua sana. Kwa miaka mitatu sasa watoto wa wanachama, na vijana wenyewe walioajiriwa pamoja nasi na digrii zao mkononi, wamekuwa wakituletea karatasi za kuomba msaada wa masomo. Tumezisoma neno kwa neno, kamusi iko mezani, mpaka taa ikazimwa. Tumeona wanaopata na tumeona wanaokosa, na tumeona pia ya kuwa wengi waliokosa hawakukosa kwa ujinga.

Jambo lenyewe ni kubwa kuliko linavyoonekana. Zamani mtoto wa mfanya kazi akipata digrii moja, mzee wake alichinja mbuzi na kazi ikamngoja mtoto mlangoni. Leo twawaona vijana wenye digrii wakipanga mizigo katika godauni kwa kibarua cha siku. Kazi ya uhandisi mkubwa, ya kufundisha chuoni, ya uchumi na ya sheria za kazi, yote siku hizi inataka digrii ya pili. Na digrii hiyo ya pili, tofauti na ya kwanza, mara nyingi mtu huachiwa ailipe mwenyewe. Mwenye baba tajiri hulipiwa. Mtoto wa pointimani hubaki na barua ya chuo ndani ya sanduku, imekunjwa vizuri, mpaka inageuka rangi.

Tusidhani kuwa mambo haya ni mageni kwa vyama vya wafanya kazi. Marehemu Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi wa Kenya tangu mwaka 1953, baba yake alikuwa mfanya kazi wa shamba la mkonge. Mboya mwenyewe aliacha shule ya sekondari kwa kukosa karo, akaenda kujifunza kazi ya ukaguzi wa afya. Mwaka 1955 alipata nafasi ya kwenda kusoma Ruskin College, Oxford, chuo kinachopokea watu wa vyama vya wafanya kazi. Aliporudi hakusahau ugumu wa pesa.

Sasa sikilizeni neno hili kwa makini, kwa maana shauri letu lote la leo limesimama juu yake. Katika miaka ile vijana wengi wa Kenya walikuwa wamekwisha kuandikia vyuo vya Marekani na kupewa nafasi, na wengi walikuwa wamepewa hata msaada wa karo. Kilichowashinda kilikuwa nauli. Chuo kiko tayari, karo imepatikana, na kijana amekaa nyumbani kwa sababu ya tikiti ya ndege. Mwaka 1959 Mboya alizunguka Marekani akisema habari hiyo, na watu kama Jackie Robinson yule mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier wa sinema, wakatia sahihi barua ya kuchangisha watu. Septemba ya mwaka ule vijana 81 wakapanda ndege ya kukodi kutoka Nairobi. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000 kwa ajili ya safari zilizofuata. Kwa jumla, kufikia mwaka 1963, karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafiri kwa njia hiyo.

Katika kundi la mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai. Baba yake alikuwa mfanya kazi katika shamba la mzungu karibu na Nakuru. Alipomaliza digrii ya kwanza huko Kansas hakurudi mara moja, bali aliomba tena msaada, na Taasisi ya Afrika na Marekani ikamlipia digrii ya pili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akaimaliza mwaka 1966. Mwaka 1971 akapata udaktari wa elimu hapa Nairobi. Zawadi ya Nobel aliyopewa mwaka 2004 mnaijua. Twamtaja si kwa kuwa kila mtoto wetu atapata Nobel, la, bali kwa sababu watu hudhani ya kuwa ukisha kusaidiwa mara moja ni aibu kuomba mara ya pili. Si aibu. Ndivyo mambo yanavyokwenda.

Basi tuingie katika kazi yenyewe. Pesa za masomo haya ziko za namna nyingi, na kosa tunaloliona kila siku ni mtu kuzichanganya zote akaziita basari. Kuna pesa ya kupewa, ambayo hairudishwi. Kuna mkopo. Na kuna mshahara, yaani chuo kinamwambia mwanafunzi, fanya kazi yetu ya kufundisha wanafunzi wa chini au ya maabara, nasi tutakusamehe karo na kukupa posho. Mwombaji lazima ajue anaomba ipi, kwa sababu maneno ya kuomba zawadi siyo maneno ya kuomba kazi.

Tuanze na mkopo, maana huu unagusa mifuko ya wazee walioketi hapa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na wengi wetu tuna watoto waliosoma digrii ya kwanza kwa pesa yake. Bodi hiyo hupokea pia maombi ya wanaosoma digrii ya pili na ya udaktari, lakini nafasi si nyingi. Ndugu, huo ni mkopo. Kwa digrii ya kwanza riba yake imekuwa asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ni ndogo, hakuna benki itakayokupa hiyo; lakini asiyelipa amekuwa akitozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, na hiyo siyo ndogo. Kijana asiye na kazi akinyamaza mwaka mmoja faini peke yake ni shilingi 60,000. Asinyamaze. Aiandikie Bodi aeleze hali yake. Na mwenye deni la digrii ya kwanza asilolishughulikia asitazamie kupokewa vizuri anapokuja kuomba la digrii ya pili.

Halafu liko jambo la wadhamini. Fomu inataka mtu wa kumdhamini mwombaji, na kijana hukimbilia kwa nani? Kwa mjomba wake wa reli, mwenye hati ya mshahara. Tumewaona wazee wakitia sahihi juu ya boneti ya gari, kalamu ya kuazima, bila ya kusoma hata mstari mmoja. Mzee, sahihi hiyo maana yake ni kwamba mtoto asipolipa, wewe unaweza kuulizwa. Hatusemi msitie sahihi. Tunasema someni, na kama maandishi ni madogo njooni kwetu tuyasome pamoja, kisha uamue ukiwa unajua.

Sasa pesa za kupewa. Katika Uingereza ziko mbili zinazojulikana sana. Ya kwanza ni ya Jumuiya ya Madola, iliyokubaliwa katika mkutano wa Oxford mwaka 1959. Sehemu kubwa yake humtazama mtu ambaye kwa uwezo wake mwenyewe asingeweza kwenda kusoma Uingereza, na majina hupitia ofisi au mashirika yaliyopewa kazi ya kuteua. Ya pili ni Chevening, ya serikali ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1983. Hulipa karo, nauli na posho kwa mwaka mmoja wa digrii ya pili, na mtu hufunga ahadi ya kurudi kwao akae miaka miwili.

Hii Chevening tunaipenda kwa sababu moja. Inadai saa 2,800 za kazi baada ya masomo. Vijana wengi wakiona tarakimu hiyo hufunga kitabu. Lakini hesabu tuliyofundishwa misheni inatosha hapa. Gawanya kwa saa 40 za juma, utapata majuma 70, na mtu wa reli hufanya zaidi ya saa 40. Kijana aliyefanya kazi miaka miwili amekwisha kuzipita. Tena kazi ya kujitolea inahesabiwa, na kazi ya nusu siku inahesabiwa, hata ile ya vibarua vya hapa na pale, mradi aweze kuzieleza. Mtoto wa tajiri aliyetoka chuo jana hana saa hizo. Hapa, kwa mara moja, jasho limewekwa mezani kama sifa, nasi tusiliache.

Ujerumani watu husema masomo ni bure. Ni kweli kwa sehemu. Vyuo vingi vya serikali havitozi karo, ila jimbo la Baden-Württemberg tangu mwaka 2017 huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya Euro 1,500 kwa kila muhula. Lakini kabla ya kupewa viza mwanafunzi asiye na mfadhili huonyesha pesa za kuishi, zimewekwa katika akaunti iliyofungwa ambayo humpa kiasi fulani tu kila mwezi. Mwaka 2024 kiasi hicho kilikuwa Euro 11,904 kwa mwaka mzima. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Basi mtu akikwambia mtoto wako aende bure, muulize bure hiyo inaanzia wapi. Njia ya mtu wetu huko ni kuomba msaada wa DAAD, shirika la Kijerumani la kubadilishana wanafunzi, ambalo pia hulipia watu wanaosoma katika vyuo vya Afrika bila ya kuvuka bahari.

Marekani mambo ni kinyume. Karo yao ni kubwa ya kutisha, lakini kwa masomo ya udaktari, hasa ya sayansi na uhandisi, ni desturi chuo kumsamehe mwanafunzi karo na kumlipa posho kwa kazi ya kufundisha au ya utafiti. Kwa digrii ya pili peke yake msaada kama huo ni haba. Na huko mwenye digrii ya kwanza nzuri anaweza kuomba udaktari moja kwa moja. Kijana mmoja wa idara ya ishara hakulijua hilo, alikuwa akiomba digrii ya pili isiyo na pesa wakati mlango wenye pesa uko kando yake. Tena vyuo vingi vya Marekani hutoza ada ya kuomba, dola 50, 70, hata 100 na zaidi, lakini ukiwaandikia barua ya heshima kueleza kwamba huna, vingi husamehe. Asiyeuliza hulipa.

Lipo pia shauri linalotuhusu sisi moja kwa moja. Kuna mpango uitwao Global Labour University, yaani chuo kikuu cha kazi cha dunia, uliotengenezwa na vyama vya wafanya kazi, vyuo na Shirika la Kazi la Kimataifa. Digrii yake ya pili ilianza Ujerumani mwaka 2004, katika vyuo vya Kassel na Berlin, kisha Afrika ya Kusini katika Chuo cha Witwatersrand, na kwingineko. Wanasoma uchumi, haki za wafanya kazi, na jinsi makampuni ya dunia yanavyoendesha mambo. Msaada upo kwa wachache. Mwombaji awe na digrii ya kwanza, na awe mtu anayejulikana na chama chake. Yaani barua ya tawi hili, ambayo kwa benki haina thamani ya senti, huko ni hati yenye nguvu. Katika tawi letu wako vijana wanne wenye digrii, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutuomba barua hiyo. Wamekwisha kuombwa kuhudhuria mikutano. Labda sasa watakuja.

Tufike kwenye barua ya kujieleza, maana hapa ndipo watu wanapoangukia. Karibu kila barua tunayoletewa huanza hivi: mimi nimezaliwa katika jamaa maskini, tuko watoto tisa, nawasihi wakubwa mnisaidie, Mungu atawabariki. Ni kweli tupu, wala hatuicheki. Lakini msomaji wa huko ana barua elfu mezani, na katika elfu hiyo mia tisa zinasema umaskini. Umaskini huandikwa mahali pake, palipoulizwa, kwa tarakimu: baba anapata kiasi hiki, watoto wanaosoma ni hawa, shamba ni eka hii. Barua yenyewe ni ya kueleza kazi.

Kijana mmoja wa karakana, mwenye digrii ya umakanika, alituletea barua ya namna hiyo. Tukamwuliza, wewe mchana kutwa unafanya nini? Akasema, natengeneza magurudumu ya mabehewa. Yepi? Yale yanayorudi yamelika upande mmoja. Yanarudi mangapi, na kutoka njia gani? Akatoa daftari mfukoni. Alikuwa ameandika kwa miezi kumi na minne, kwa kalamu yake, bila ya kuagizwa na mkubwa yeyote, kila behewa, tarehe, upande ulioliwa na mahali lilipotoka. Tukamwambia, bwana, hii ndiyo barua. Andika ulichokiona, andika usichoweza kukieleza kwa elimu uliyo nayo, kisha sema ni masomo gani yatakuwezesha kukieleza na ukirudi utafanya nini. Akaandika kurasa mbili. Mara ya kwanza walimkataa. Mwaka wa pili aliomba tena kwa barua ile ile, ameongeza miezi mingine kumi na miwili ya daftari, wakampa nafasi na pesa. Sasa yuko masomoni.

Mashahidi nao wachaguliwe kwa akili. Watu hupenda kuandikiwa na mheshimiwa, au chifu, au padre aliyembatiza. Mheshimiwa atasema kijana huyu ni mwema, na hapo amemaliza. Mwalimu aliyemfundisha chuoni na kusahihisha kazi zake, na msimamizi anayemwona kila siku, hao wawili ndio wenye la kusema. Wapewe majuma sita, wala si siku mbili, na wapelekewe nakala ya barua ya kujieleza ili maneno yasigongane. Msimamizi mmoja aliwahi kukataa kumwandikia kijana wetu, akisema ataondoka na kazi itabaki bila mtu. Hapo tulipeleka wazee wawili wakaongea naye kwa upole baada ya kazi, akaandika. Chama kina kazi nyingine zaidi ya kugoma.

Habari ya tarehe hatutaiongeza sana, maana watu wa reli hawafundishwi saa. Tunasema tu kwamba masomo yanayoanza Septemba huombwa karibu mwaka mmoja mbele. Chevening kwa kawaida hufungua Agosti na kufunga mwezi wa Oktoba au mapema Novemba. Kijana anayeamka Mei kutafuta pesa za Septemba ile ile ameikosa treni, na iliyobaki ni ya mwaka ujao. Na aliyepata nafasi chuoni lakini hana pesa asiitupe barua wala asiuze kitu kwa haraka. Achunguze kama chuo kitakubali kumwekea nafasi mpaka mwaka ujao, kwani vingi hukubali. Binti wa pointimani mmoja alipata nafasi ng'ambo, na jamaa yake walikuwa wamekwisha kumleta mnunuzi wa shamba, kamba ya kupimia iko mkononi. Tukawasihi wangoje. Chuo kikakubali kumngoja. Mpaka leo hajapata pesa, twasema kweli, lakini shamba liko, mama yake analima, na maombi yake matatu yako njiani.

Katika neno la haraka, tuwatahadharishe na walaghai. Msaada wa kweli hauombi kamisheni. Mtu akidai umtumie kitu kidogo kwa simu ili jina lako lipande juu, huyo ni mwizi hata akivaa tai. Na hata mpango ukiwa na muhuri wa ofisi kubwa, ulizeni chuo chenyewe. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa ili watoto wao wapelekwe kusoma Finland na Canada katika mpango wa kaunti, na mambo yakafika kortini. Wengine walikuwa wamekopa na wengine wameuza ardhi. Barua moja kwa chuo, yenye swali moja, haina gharama.

Sasa ndugu, tumefika kwenye shauri lililotuleta. Tumewaambia habari ya vijana wa mwaka 1959 waliokuwa na chuo na karo lakini hawana nauli. Jambo lile lipo hapa leo katika tawi hili, ila siku hizi haliitwi nauli. Ni hati ya maksi yenye muhuri, ambayo chuo hutoza. Ni mtihani wa Kiingereza, unaozidi dola 200. Ni pasipoti. Ni cheti cha polisi. Ni kupimwa kifua kikuu, ambako mtu wa Kenya anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hana budi kupimwa kabla ya viza. Baadhi ya wafadhili hurudisha sehemu ya pesa hizo, twakubali, lakini hurudisha baadaye. Kwanza zitoke mfukoni. Mwaka jana mtoto wa mwanachama mwenzetu alikuwa ameitwa kwenye mazungumzo ya mwisho ya msaada mkubwa, akashindwa kutimiza karatasi kwa upungufu wa shilingi 38,000. Msaada aliokuwa akiuomba ulikuwa wa mamilioni.

Kwa hiyo Kamati inaomba kila mwanachama atoe shilingi 50 kwa mwezi, zitiwe katika mfuko peke yake, usiochanganywa na mfuko wa mazishi wala wa mgomo. Pesa hizo zisilipe karo hata ya mtu mmoja, maana karo itaumeza mfuko kwa siku moja. Zilipe karatasi za kuombea tu. Aliyefaulu arudishe bila riba katika mwaka wake wa kwanza wa posho. Aliyekosa arudishe kidogo kidogo, au asamehewe na mkutano.

Tunajua yanayosemwa, kwa maana yamesemwa mbele yetu na mengine nyuma yetu. Mzee mmoja wa gangi alituuliza: mimi nabeba mataruma, mtoto wangu aliishia darasa la saba, kwa nini nimlipie mtoto wa karani aende Ulaya, arudi awe bwana mkubwa wa kunifokea? Swali hili ni la haki, wala hatutaki mtu alizomee. Hatuwezi kumwahidi mzee wetu kwamba kila atakayesaidiwa atarudi, wala kwamba atakayerudi atakumbuka. Wengine watapotea huko. Tunaloweza ni kuweka masharti: watoto wa gangi na wa kazi za chini wasikilizwe kwanza kabla ya watoto wa ofisini, hesabu ya mfuko isomwe mbele ya wote kila miezi mitatu, na katika watu watano wa kuamua, wawili watoke gangi. Pia tunamwomba mzee atazame upande wa pili wa meza tunapokwenda kupatana na mwajiri. Wao huja na mwanasheria na mtu wa uchumi. Sisi huja na Bwana Katibu na kalamu yake, na Bwana Katibu mwenyewe atawaambia jinsi usiku ule unavyokuwa mrefu.

Wengine wamesema tudai likizo ya masomo katika mapatano yetu na mwajiri, ili anayepata msaada asipoteze kazi. Jambo hilo ni jema, nasi tumelipeleka kwa Kamati Kuu ya tawi liandikwe katika madai yajayo. Lakini mapatano huchukua muda, na fomu za mwaka huu hazitangoja.

Kura ya mfuko itapigwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, hapa hapa ukumbini. Watu wa shifti ya mchana wanaweza kuacha kura zao kwa Bwana Katibu asubuhi, katika bahasha iliyofungwa. Walio na fomu nyumbani wazilete siku yoyote ya Jumatano baada ya saa kumi na moja jioni, nao waje na hati ya maksi, kitambulisho na kalamu.